Mpangaji Asiyelalamika

Buibui aina ya tarantula hana kifua kinachopanda na kushuka. Ukimtazama akiwa ametulia juu ya gome, huwezi kujua kama anapumua au amekufa. Chini ya tumbo lake kuna nafasi nne nyembamba, na nyuma ya kila moja kuna pafu lililopangwa kama kurasa za kitabu. Hewa inapita katikati ya kurasa hizo na kukutana na damu yake, ambayo ina rangi ya samawati kwa sababu inabeba oksijeni kwa shaba, wakati ya kwetu inaibeba kwa chuma. Havuti hewa kwa nguvu kama sisi. Kwa sehemu kubwa anasubiri imfikie. Hewa ya pale alipo ikilala, cha kufanya ni kuhama, na akiwa ndani ya sanduku hana pa kuhamia.

Habari hii ya kutokuwa na pa kuhamia imekuwa ikinizunguka kichwani tangu majira ya baridi yaliyopita. Swali lenyewe naweza kuliweka hivi: mtu anapomweka kiumbe mwingine mahali, kwa hiari yake mwenyewe na si ya huyo kiumbe, anadaiwa nini? Na anajuaje kama amelipa, iwapo anayemdai hana mdomo wa kudai?

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Nasomea makazi na majengo ya nchi za joto katika chuo kimoja mashariki mwa Ujerumani. Ndiyo, nimetoka Muheza kuja kujifunza joto kwenye barafu. Utani huo nimeshauzoea. Naishi nyumba moja na wanafunzi wengine watatu, na mmoja wao anafuga tarantula. Alikuwa nao wawili, wote wa aina inayochimba mashimo ardhini. Mwaka jana akaamua kuongeza wa tatu, safari hii wa kuishi mitini, akaniomba nimsaidie kuchagua na kumjengea. Sababu zake zilikuwa mbili: najua kushika drili, na mimi, kwa maneno yake, ni mtu wa nyumba.

Nilikotoka mimi buibui hafugwi, lakini hauawi pia. Bibi yangu mzaa mama alitulea na kisa ambacho watoto wengi wa Pwani wanakijua, cha utando uliotandwa kwenye mlango wa pango Mtume alipokuwa akiwindwa. Mtu akinyanyua kandambili kumpiga buibui ukutani, Bibi alikuwa akimzuia: "Mwache, huyo ana heshima yake." Alimchukua kwa ncha ya fagio na kumpeleka uani, kwenye mpapai. Kwa hiyo mwenzangu aliponiuliza kama nawaogopa, nilimjibu kwamba siwaogopi, ila sijawahi kufikiria kwamba mtu anaweza kumdai kodi ya macho, yaani akae ndani ili atazamwe.

Tulikwenda kwenye maonyesho ya wanyama wa kufugwa, katika ukumbi mkubwa nje kidogo ya mji. Meza zilikuwa nyingi, na juu yake vikombe vya plastiki vyenye vifuniko vilivyotobolewa, kila kimoja na buibui wake na kibandiko chake. Vibandiko vina lugha yao: 1.0 ni dume, 0.1 ni jike, 0.0.1 ni mmoja ambaye jinsia yake bado haijajulikana. Nilipita nikisoma hadi nikakutana na neno Usambara. Alikuwa Pterinochilus murinus, wa rangi ya machungwa iliyoiva, aina inayopatikana kwetu Tanzania na kwa majirani zetu Kenya. Wafugaji wa huku wanaiita hiyo rangi yake kwa jina la milima ninayoiona kutoka nyumbani. Nilimuuliza muuzaji kama ametoka Tanzania. Akasema hapana, amezaliwa Ujerumani. Mama yake pia. Bibi yake pia.

Sikujua nifurahi au nisikitike. Nilijua kwamba mwaka 2016 serikali yetu ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje, na hapa palikuwa na mwenzetu ambaye ukoo wake uliondoka kabla ya mimi kwenda shule, ukazaliana kwenye masanduku, na ukabaki na jina la nyumbani tu. Mwenzangu alinivuta mkono. Yule si wa kuanzia, alisema. Ana kasi na hasira, na kuumwa naye ni maumivu makali. Isitoshe, si wa mitini hasa. Anajenga popote anapopata pa kufunga uzi, chini au kwenye kichaka.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba kuchagua kuna maswali ndani yake ambayo hayaonekani kwenye bei. La kwanza ni la asili: ametoka porini au amezaliwa mikononi mwa watu? Buibui wa jenasi ya Poecilotheria, wa mitini kule India na Sri Lanka, wana michoro kama ya kanga, na uzuri huo umewaponza. Mmoja wao, Poecilotheria metallica, ni wa samawati inayong'aa, na makazi yake ni misitu midogo iliyobaki mashariki mwa India. Ameorodheshwa miongoni mwa viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Mwaka 2019 jenasi nzima iliingizwa kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini. Anayemnunua aliyetolewa porini amefungua kesi kabla hata ya kufika kwenye sanduku.

Swali la pili ni la uwezo. Je, naweza kumpa huyu anachohitaji, au nampenda rangi tu? Watu wengi huanza na rangi. Mwenzangu naye alianza na rangi, sitamficha. Lakini alikuwa amekaa miezi kadhaa akisoma, na alichochagua mwisho ni Caribena versicolor, anayetoka kisiwa cha Martinique kule Karibiani. Akiwa mtoto ni wa samawati. Kila anapojivua gamba rangi inahama, hadi anapofika utu uzima akiwa na mgongo wa kijani na tumbo lenye manyoya mekundu yanayoelekea zambarau. Ni mpole kwa kiwango cha tarantula, na sumu yake si ya kutisha. Akikerwa sana huruka, au hutupa kinyesi kwa shabaha nzuri kuliko unavyotarajia. Jike anaweza kuishi miaka kumi hivi. Dume huondoka mapema zaidi. Tulimchukua aliyefikia karibu nusu ya ukubwa wake, amezaliwa kwa mfugaji.

Miaka kumi. Hiyo ni ahadi ndefu kuliko ndoa za watu wengine, na anayeahidiwa hajaulizwa.

Nyumba yake tuliijenga kwa akriliki: sentimita 20 kwa 20 chini, na 30 kwenda juu. Buibui wa ardhini anahitaji uwanja na udongo wa kuchimba, na kimo kirefu ni hatari kwake, kwa sababu akianguka tumbo lake zito linaweza kupasuka. Wa mitini mambo yake ni ya wima. Tulisimamisha gome la mti, lile jepesi linalotengenezewa vizibo vya chupa za mvinyo, likaegemea kona, na nyuma yake tukaacha nafasi ya kujificha. Chini tuliweka sentimita chache za makumbi ya nazi yaliyosagwa. Hapa yanauzwa yakiwa yamekandamizwa kama tofali, unayaloweka yanavimba. Nilicheka nilipoliona tofali hilo dukani, likiwa limefungwa kwa nailoni kama kitu cha anasa. Makumbi nyumbani tunawashia moto. Mlango tuliuweka mbele badala ya juu, kwa sababu buibui wa namna hii hujenga hema lake la utando karibu na dari, na mwenye kufungua paa kila siku anambomolea mwenzake nyumba ili kumpa chakula.

Kisha tukafika kwenye hewa, na hapo ndipo tulipobishana.

Kwa miaka mingi wafugaji wa Ulaya na Marekani walikuwa wakiwapoteza buibui wa kundi hili, Avicularia na ndugu zao, bila kuelewa sababu. Jana mzima, leo amekufa. Kifo hicho kilitokea mara nyingi hadi wakakipa jina, kana kwamba ni ugonjwa. Leo wafugaji wengi wenye uzoefu wanakubaliana kwamba chanzo kikubwa kilikuwa sanduku lenyewe. Watu walijua kwamba mnyama huyu anatoka msitu wa mvua, wakafikiri msitu wa mvua maana yake ni majimaji. Wakafunga matobo ili unyevu usitoke, wakapuliza maji kila siku, wakaweka kipima unyevu ndani na kufurahi sindano ilipokaa pale vitabu viliposema. Namba ilikuwa sahihi. Hewa ilikuwa imelala, ukungu ukaota, na aliyekuwa ndani akafa.

Walichokisahau ni kwamba hakuna anayeishi ndani ya wastani wa msitu. Kule juu mitini mvua inanyesha, kisha upepo unapita na kukausha. Unyevu unakuja na kuondoka. Anachohitaji ni maji ya kunywa kwenye kibakuli, kona moja ya makumbi inayolowanishwa kisha kuachwa ikauke, na njia mbili za hewa: moja ya kuingilia chini upande huu, nyingine ya kutokea juu upande wa pili.

Mtu aliyekulia kwenye nyumba ya Kiswahili hahitaji kuchorewa hilo. Nyumba yetu ya Muheza ina korido inayotoka mlango wa mbele moja kwa moja hadi uani, vyumba huku na huku. Milango miwili ikiwa wazi, upepo unaingia barazani na kutokea kwenye majiko. Juu ya madirisha kuna matundu ya hewa ambayo hayafungwi, mvua inyeshe au jua liwake. Wazee waliojenga hivyo walijua kusi na kaskazi kwa ngozi zao. Na Wajerumani pia, kwa sababu tofauti kabisa, wana dini yao ya hewa: mkataba wetu wa kupanga unatutaka tufungue madirisha yote wazi kwa dakika kadhaa, kila siku, hata theluji ikiwa nje, ili kuta zisiote ukungu. Wana neno lake, Lüften, na wanalitamka kwa uzito ambao kwetu unatumika kwa swala.

Pamoja na hayo yote, mwenzangu, Mjerumani, aliogopa kutoboa matobo mengi. Alikuwa na sababu. Majira ya baridi mitambo ya kupasha joto inakausha hewa ya chumba mpaka midomo inapasuka, na alihofia sanduku likauke. Kuna kitu ndani yetu, nadhani, kinachohisi kwamba kuziba ni kulinda. Ukiziba unabaki na ulichonacho. Ukitoboa unakubali kwamba kitu usichokitawala kitaingia na kutoka. Nilimwambia kwamba maji yakipungua ataona kibakuli kikiwa tupu na atajaza, lakini hewa ikiharibika hataona kitu chochote hadi siku ya kuzika. Kati ya kosa linaloonekana na lisiloonekana, afadhali aegemee lile linaloonekana.

Nilibandika utepe wa karatasi ili akriliki isipasuke, nikatoboa polepole, mistari miwili chini kushoto na miwili juu kulia. Kila kitobo kilikuwa kidogo kuliko kichwa na kifua cha buibui, kwa sababu anapopitisha kifua amepita mwili mzima. Wavu wa chuma tuliukataa, kwa kuwa kucha zake ndogo hunasa humo. Sanduku likiwa bado tupu niliwasha kijiti cha udi karibu na matobo ya chini, tukautazama moshi ukiingia, ukijinyoosha, ukitokea juu upande wa pili. Jaribio halikuwa la haki sana, moshi wa moto una haraka yake ya kupanda. Kipimo cha kweli kilikuwa cha siku iliyofuata: tulinyunyiza maji ndani, na baada ya saa chache kuta zilikuwa hazina tena ukungu wa mvuke. Tuliliacha wazi siku kadhaa hadi harufu ya udi ikaisha kabisa, ndipo mpangaji akaingia.

Hapa msomaji makini ataniuliza swali ambalo nilijiuliza pia: mbona mnahangaika na ubora wa gereza? Kama mnajali kweli, msimfunge.

Sina jibu la kulifuta swali hilo. Jeremy Bentham, mwaka 1789, alilitoa suala la wanyama kwenye akili na usemi akalipeleka kwenye uwezo wa kuumia, na tangu hapo sheria zimekuwa zikipanua mduara taratibu. Ujerumani iliingiza ulinzi wa wanyama kwenye katiba yake mwaka 2002. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2022 kuhusu wanyama wenye hisia, iliwatambua wenye uti wa mgongo, ikaongeza pweza na jamaa zake, pamoja na kaa na kamba. Buibui bado yuko nje ya mlango. Huenda hahisi chochote kinachostahili kuitwa mateso. Huenda anahisi kwa namna ambayo hatuna neno lake.

Wapo wanaotumia kutokujua huko kama ruhusa: kama hatuna hakika kwamba anaumia, basi tufanye tupendavyo. Mimi naona kinyume chake. Mwenye nyumba anayempangisha bubu ana deni kubwa kuliko anayempangisha mwanasheria, kwa sababu mwanasheria atajidai haki yake mwenyewe. Pale ambapo lalamiko haliwezi kuja, ukaguzi wote unabaki kwa aliyefunga mlango. Kuhusu kumfunga kwenyewe, ninachoweza kusema ni kwamba aliyezaliwa kwenye kikombe cha plastiki Ulaya hana Martinique ya kurudi. Tukimfungulia dirisha Januari atakufa kabla ya asubuhi. Hilo halihalalishi biashara iliyomzaa. Linatueleza tu kazi iliyo mbele yetu kwa huyu mmoja.

Tena kazi hiyo haina malipo. Mbwa atakutingishia mkia, paka atakulalia miguuni. Buibui hatajua kamwe kwamba upo. Mkono unaoleta nyenje kwake ni hali ya hewa tu. Nilimuuliza mwenzangu kama hilo halimsikitishi. Akasema linampumzisha, ni kiumbe pekee katika maisha yake ambaye hawezi kumtunza ili apendwe. Nililipenda jibu hilo kuliko nilivyotaka kulionyesha. Utunzaji mwingi tunaofanya una mteja wa pili aliyejificha, naye ni sisi wenyewe. Kwa buibui mteja huyo hayupo. Anabaki yeye na matobo yake.

Nisingeandika haya yote kama yangekuwa ya buibui tu.

Miaka miwili iliyopita Bibi, yule wa fagio na mpapai, alipata kiharusi. Kilimwacha na mguu wa kushoto mzito na ulimi mzima. Mjomba akamchukua kutoka Muheza kwenda kwake Dar es Salaam, akampa chumba kizuri kuliko vyote: vigae, kitanda kipya, kiyoyozi, dirisha la alumini la kusukuma. Dirisha halifunguliwi, kwa sababu ya vumbi, mbu na wezi. Mlango unarudishwa ili ubaridi usitoke. Umeme ukikatika chumba kinageuka tanuri kwa dakika chache, kwa sababu matundu ya hewa hayajengwi tena siku hizi. Tunayaona ya kishamba. Nikimpigia kwa video namkuta amejifunika blanketi. Anaitikia shikamoo yangu, kisha ananiambia, "Humu mna baridi ya dukani, mjukuu wangu. Nataka kukaa uani."

Anachojibiwa na wanawe ni kwamba ataanguka. Ni kweli, anaweza kuanguka.

Sitaki kumlinganisha Bibi na buibui. Angenicheka, kisha angenisamehe. Kinachonisumbua ni tofauti yao. Tulipomweka yule buibui ndani, mwenzangu alikaa siku nzima akimsoma. Amepanda au ameshuka? Amesogea kwenye matobo? Kama angebaki amebandika mwili kwenye matobo ya juu, tungejua hewa haitoshi na tungetoboa tena. Kila ishara ya kiumbe asiye na sauti ilichukuliwa kama ushahidi. Bibi ana sauti. Anasema sentensi kamili, kwa Kiswahili fasaha, sentensi ileile kila wiki, nayo inapokewa kama kikohozi cha mzee. "Amezeeka, anasema tu." Tumemgeuza anayelalamika kuwa mpangaji asiyelalamika, kwa kuacha kuyahesabu maneno yake.

Nililisema hili kwenye kundi la familia la WhatsApp, kwa adabu, kwa sababu mimi ni mdogo na Mjomba ndiye anayelipa. Nilianza na shikamoo na shukrani, na shukrani zenyewe zilikuwa za kweli. Hakuna aliyemfanyia Bibi mengi kama yeye. Alinijibu kwa sauti. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka. "Mwanangu, presha yake iko sawa. Sukari iko sawa. Daktari amefurahi. Unataka nini tena?" Nikakifikiria kile kipima unyevu, sindano ikiwa mahali pake.

Namba si adui. Mjomba ana haki ya kuzitaja, na bila hizo huenda tungekuwa tumeshamzika Bibi. Lakini namba inajibu swali lililoulizwa na aliyeitengeneza, na hakuna chombo kilichowahi kutengenezwa kupima kama mtu ana upepo wa kutosha maishani mwake. Kipimo cha hilo ni mwenyewe tu. Akiwa hawezi kusema, unamsoma. Akiwa anaweza, unamuuliza, kisha unafanya jambo gumu zaidi, unamwamini, hata kama alichokichagua kina hatari ndani yake.

Kuna namna ya kupenda ambayo inataka mpendwa asifikwe na chochote. Naielewa. Mjomba alimkuta mama yake sakafuni asubuhi ile, na nadhani tangu siku hiyo hajatoka ndani ya chumba kile. Anayefunga matobo mara nyingi ni mtu aliyewahi kuona kitu kikiingia. Kumwambia kwamba anakosea hakutoshi, lazima kuwepo na mtu wa kubeba naye hofu hiyo.

Kwa hiyo nimefanya ninachojua kufanya. Nimechora nyumba ya Muheza. Kwenye mchoro kuna bomba la kushikilia kutoka kitandani hadi chooni, mteremko wa saruji badala ya zile ngazi mbili za uani, taa ya sola kwenye korido, na kitanda kimesogezwa ili alale akiona mlango wa nyuma. Mama Mdogo, anayeishi jirani, amekubali kulala pale. Gharama nimeiandika chini, na sehemu yangu nimeitaja. Mjomba ameuona mchoro. Amesema tungoje kliniki ya mwezi ujao, halafu akauliza mteremko una nyuzi ngapi, swali ambalo mtu aliyekataa haulizi.

Bibi ametumiwa picha ya mchoro huo kwenye simu ya binamu yangu. Ameniambia umefaa, ila nimeusahau mpapai, na kwamba kiti chake kikae upande wa mashariki mwa mti, kivuli cha saa kumi kinaangukia huko. Nimeurekebisha.